Jiko la kopo: Jepesi begani, zito kwa mzazi

Kopo dogo la chakula cha paka likishakuwa tupu, mahali pake ni jalalani. Lakini kwa watembeaji wa masafa marefu nchini Marekani, kopo hilo la chakula cha gramu 85 limekuwa jiko kwa miaka mingi. Hutobolewa matundu kwa panchi ya karatasi, humiminiwa spiriti kidogo, huwashwa, kisha sufuria huwekwa juu yake. Jiko zima lina uzito wa takribani gramu 10, jepesi kuliko kijiko cha chuma cha kulia wali.

Siku hizi watoto huliona jiko hilo kwenye video za simu. Likizo ikikaribia, au kambi ya skauti ikitangazwa, swali hufika mezani: “Mama, naweza kutengeneza?”

Mzazi mmoja atakataa kabla mtoto hajamaliza kusema. Mwingine atajibu, “Si kopo tu hilo,” na kuendelea na shughuli zake. Majibu yote mawili yana kasoro. Anayekataa moja kwa moja anamnyima mtoto somo zuri la mikono na la sayansi, na huenda mtoto akajaribu peke yake nyuma ya nyumba. Anayeruhusu bila kuangalia anamwacha mtoto na moto usioonekana vizuri mchana, usio na koki ya kuuzima, na unaotumia mafuta yenye sumu.

Ukweli uko katikati. Jiko la kopo linaweza kutengenezwa nyumbani na kufanya kazi vizuri, ila wepesi wake una gharama. Kila kitu kilichoondolewa ili lisiwe zito, yaani koki, miguu ya kusimamia na tangi lililofungwa, ni kitu kilichokuwa kikimlinda mpishi. Ulinzi huo lazima sasa utoke kwa mtu mzima aliyesimama kando yake.

Kwa nini gramu zinahesabiwa

Njia ya Appalachian, mashariki mwa Marekani, ina urefu wa takribani kilomita 3,500, kutoka jimbo la Georgia hadi Maine. Anayeitembea yote kwa safari moja hutumia miezi mitano hadi saba, akibeba nyumba yake, kitanda chake na jiko lake mgongoni. Kwa mtu huyo, nusu kilo si kitu kidogo. Ataibeba kwa mamilioni ya hatua.

Mwaka 1955, Emma Gatewood, mama wa watoto 11 aliyekuwa na miaka 67, aliitembea njia hiyo yote peke yake. Hakuwa na hema wala mfuko wa kulalia. Alibeba mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, akajifunika pazia la bafuni mvua iliponyesha, na miguuni alivaa raba za kawaida. Bibi huyo aliwaonyesha wengi kwamba safari ndefu haihitaji vifaa vya bei kubwa.

Miaka ya 1990, mpanda milima Ray Jardine aliandika kitabu kilichowashawishi watembeaji wengi kupunguza mizigo na kujitengenezea vifaa. Baadaye mtembeaji mwingine maarufu, Andrew Skurka, alieneza jiko la kopo la chakula cha paka kwa kueleza hatua kwa hatua namna ya kulitengeneza. Kilichowavutia watu ni urahisi wake: kopo moja, panchi moja na dakika chache za kazi.

Huku kwetu ufundi wa kugeuza kopo kuwa chombo cha moto si mgeni. Kibatari kimewasomesha wengi. Mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa jua kali kule Shauri Moyo na Gikomba, Nairobi, wametengeneza majiko na vyombo vya mabati kwa miongo mingi. Na ni watoto wangapi ambao hawajawahi kujipikilisha kwenye makopo chini ya mwembe? Tofauti ni kwamba safari hii moto ni wa kweli.

Linavyofanya kazi

Spiriti yenyewe haiungui ikiwa katika hali ya majimaji. Kinachoungua ni mvuke wake. Alkoholi aina ya ethanoli huchemka kwenye nyuzi joto 78 hivi, chini ya nyuzi 100 za maji, kwa hiyo haihitaji joto jingi kutoa mvuke.

Moto ukiwashwa, kopo hupata joto, spiriti iliyo ndani hupata joto pia, na mvuke huongezeka. Sufuria ikiwekwa juu, mdomo wa kopo huzibika. Mvuke hauna pa kutokea isipokuwa kwenye matundu ya ubavuni, na hapo huwaka kwa ndimi ndogo za moto zinazozunguka kitako cha sufuria. Hakuna pampu, utambi wala sauti, na sufuria haipati masizi.

Ndiyo maana jiko hili ni somo zuri. Mtoto anayesoma darasani kuhusu uvukizi na kiwango cha mchemko anaviona vikifanya kazi mbele yake.

Namna ya kulitengeneza

Kopo linalofaa ni fupi na pana, lenye kipenyo cha sentimita 6 hivi na kimo cha sentimita 4 hivi. La alumini hutoboka kwa urahisi, na sumaku itasaidia kulitambua, kwani haishiki alumini. La chuma, kama makopo mengi ya samaki, linafaa pia ila ni gumu na zito zaidi. Kopo lenye mfuniko wa kuvuta kwa kidole linafaa kuliko la kufunguliwa kwa kisu, kwa sababu ukingo wake haukwaruzi mkono.

Kopo huoshwa kwa sabuni na kuondolewa karatasi ya nje. Safu ya kwanza ya matundu hutobolewa kwa panchi kuzunguka ubavu, karibu kabisa na ukingo wa juu, yakiachiana nafasi sawa. Safu ya pili huwa chini yake, kila tundu likikaa katikati ya mawili ya juu. Kwa kopo la chuma, huenda ikahitajika nyundo na msumari, na hapo glavu nene ni lazima.

Lipo jiko jingine linaloundwa kwa vitako viwili vya makopo ya soda vilivyochomekwa kimoja ndani ya kingine. Ni zuri na huwaka kwa ndimi zilizopangika, lakini kulikata kunaacha kingo kali kama wembe. Halifai kuwa kazi ya kwanza ya mtoto.

Kizuia upepo ndicho watu wengi husahau, ilhali bila hicho nusu ya joto inaweza kwenda na upepo. Trei ya alumini ya kuokea ikikatwa na kunyooshwa, hutengeneza ukuta wa kuzunguka jiko na sufuria. Uachwe upenyo wa kidole kati ya ukuta na sufuria, na matundu kadhaa chini ili hewa ipite. Tahadhari hapa: ukuta wa namna hii usizungushwe kamwe kwenye jiko la gesi lililofungwa juu ya mtungi wake mdogo, kwa sababu mtungi unaweza kupata joto kupita kiasi na kupasuka.

Kiasi cha spiriti ni mililita 20 hadi 30 kwa nusu lita ya maji. Baada ya kuwasha, mpishi husubiri kama nusu dakika kopo lipate joto kabla ya kuweka sufuria, la sivyo moto huzimika. Maji huchemka kwa dakika 6 hadi 10, kutegemea upepo, mfuniko na baridi ya maji yenyewe.

Sufuria na marekebisho yake

Jiko dogo hutaka chombo kinacholingana nalo. Sufuria fupi na pana hupokea moto vizuri kuliko nyembamba na ndefu, na haianguki upesi. Sufuria ndogo ya alumini ya lita moja, isiyo na mikono, inayouzwa kila soko, inatosha. Mfuniko wake unaweza kukatwa kutoka kwenye trei ileile ya alumini. Cha kuishikia kitafutwe mapema: kikoleo au kitambaa kinene kikavu, kwa kuwa kitambaa kibichi hupitisha joto haraka.

Baadhi ya watembeaji hugeuza makopo makubwa ya bia kuwa sufuria ili kuokoa gramu chache. Kwa familia si jambo la kuiga. Makopo hayo ni membamba, hubonyea yakishikwa, na ndani yana utando wa plastiki ambao haukukusudiwa kukaa juu ya moto. Makopo ya rangi, ya mafuta ya gari au ya dawa za wadudu yasitumike kwa jiko wala kwa sufuria. Vilevile bati lililopakwa zinki, kama la kuezekea, lisitumike kwenye moto mkali, kwa kuwa moshi wa zinki huumiza kifua.

Marekebisho yenye faida kubwa kuliko yote hayahusu moto hata kidogo. Jiko la kopo halina namna nzuri ya kupunguza moto, hivyo watembeaji huchemsha chakula kidogo tu, kisha huiondoa sufuria na kuiingiza kwenye mfuko mnene unaotunza joto, ambamo chakula humalizia kuiva chenyewe. Mfuko huo hushonwa kwa kile kizuia jua kinachong’aa cha kioo cha gari. Akina mama wengi wa Afrika Mashariki wanaijua mbinu hii kwa kikapu chenye nguo au sponji ndani, kinachomalizia kuivisha wali bila mkaa.

Mfuko huu unaweza kushonwa na mtoto wa umri wowote anayeweza kushika sindano, na hauna hatari ya moto. Unafaa kwa wali, tambi na uji. Chakula kiliwe ndani ya saa moja au mbili kingali cha moto. Nyama na maharage makavu yasitegemee mfuko mdogo kama huu.

Pamoja na yote hayo, jiko hili lina mipaka. Kilo moja ya spiriti hutoa joto pungufu sana ya kilo moja ya gesi, zaidi kidogo ya nusu yake. Ni jiko la chai ya watu wawili au uji wa mtoto mmoja, si la ugali wa familia. Kwa kundi kubwa au safari ya siku nyingi, jiko la gesi hushinda, hata kwa uzito.

Hatari ambazo mzazi lazima azijue

Ya kwanza ni moto usioonekana. Spiriti huungua kwa mwali hafifu wa bluu, na kwenye jua hauonekani kabisa. Mtoto anaweza kudhani jiko limezimika na kulishika. Mpishi mwenye busara hupitisha kiganja juu kwa mbali kusikiliza joto, na hupika kivulini.

Ya pili, inayoumiza kuliko zote, ni kuongeza spiriti wakati jiko linawaka au lingali la moto. Mvuke hushika moto, mwali hurudi hadi kwenye chupa, na chupa inaweza kutema moto kwa aliye mbele yake. Mara nyingi anayeungua si aliyeshika chupa bali mwenzake aliyekaa upande wa pili akitazama. Sheria ni moja na haina ruhusa: jiko likizimika kabla chakula hakijaiva, linaachwa lipoe hadi liweze kushikwa kwa mkono mtupu. Chupa hufungwa na kuwekwa mbali kabla kiberiti hakijawashwa.

Ya tatu ni kupikia ndani ya hema au chumbani. Kitambaa cha hema huyeyuka na kuwaka upesi, na gesi ya kaboni monoksidi yenye sumu, isiyo na harufu, hujikusanya mahali palipofungwa.

Ya nne ni sumu. Spiriti nyingi za madukani zina methanoli, ambayo hata kidogo ikinywewa inaweza kupofusha macho au kuua. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi, hivyo mtoto aliyekunywa apelekwe hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, na asitapishwe. Spiriti isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya maji au ya soda. Kikombe cha kupimia kiandikwe na kufungwa pamoja na jiko. Kile cha dawa ya kikohozi kisitumike halafu kikarudishwa kabatini.

Petroli isiguswe kabisa kwa jiko hili, kwa kuwa hulipuka. Mafuta ya taa hutoa moshi mzito. Vitakasa mikono vya kunata navyo havifai, maana vikirukia ngozi vikiwa vinawaka huganda papo hapo.

Anayedhani tahadhari hizi zimetiwa chumvi aangalie huko jiko hili lilikotoka. Chama cha skauti cha Marekani kinakataza vifaa vya mafuta vilivyotengenezwa au kurekebishwa nyumbani, na majiko ya makopo ya alkoholi yametajwa waziwazi kwenye katazo hilo. Kwenye misitu mingi ya magharibi mwa nchi hiyo, msimu wa ukame ukifika, majiko yasiyo na koki ya kuzimia hupigwa marufuku, kwa sababu likipinduka kwenye nyasi hakuna wa kulifunga.

Spiriti peke yake si mkosaji. Kampuni ya Trangia ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 1925, imeuza majiko ya spiriti tangu mwaka 1951, na vijana wengi wa Ulaya hujifunza kupika kambini kwa majiko hayo. Lakini kichomeo chake kimekaa ndani ya ukuta mpana usiopinduka kirahisi, na kina kifuniko cha kupunguza na kuzima moto. Hayo ndiyo mambo mawili ambayo kopo halina, na ambayo mzazi anaweza kuyaongeza: kitako kipana, na kopo kubwa zaidi la kufunika na kuzimia.

Nani afanye nini

Kazi hii igawanywe kwa umri. Mdogo wa shule ya msingi anaweza kuchagua kopo, kuchora alama za matundu, kupima maji na kushika saa. Mkubwa kidogo, akiwa na glavu, anaweza kutoboa. Kumimina spiriti na kuwasha ni kazi ya mtu mzima. Kijana wa sekondari anaweza kukabidhiwa kiberiti baada ya kuonyesha mara kadhaa kwamba anazifuata sheria bila kukumbushwa, na bado mzazi awepo.

Kazi isiishie kwenye kuchemsha maji. Daftari liandaliwe. Maji ni yaleyale, spiriti ileile: ni dakika ngapi sufuria ikiwa na mfuniko, na ngapi bila mfuniko? Kizuia upepo kikiondolewa inakuwaje? Matundu ya safu moja yanashindaje au yanashindwaje na safu mbili? Mtoto anayebadilisha jambo moja kwa wakati mmoja na kuandika matokeo amejifunza sayansi kuliko aliyekariri.

Mazungumzo yanaweza kupanda hadi mlimani. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, ni kama nyuzi 95. Kwenye kituo cha Kibo, karibu mita 4,700 juu ya Mlima Kilimanjaro, ni takribani nyuzi 85, na ndiyo maana wapishi wa mlimani hutumia muda mrefu kuivisha kile kinachoiva haraka pwani.

Kuhusu kambi, mtoto asiondoke nyumbani na jiko la kopo wala chupa ya spiriti ndani ya begi bila kiongozi wake kujua na kukubali. Basi la shule si mahali pa kubebea mafuta ya moto, na kwenye ndege hayaruhusiwi kabisa. Kiongozi akikataa, mzazi amuunge mkono mbele ya mtoto.

Kabla ya kiberiti

Jiko liwe juu ya ardhi tupu, tofali au sinia la chuma, mita mbili hivi kutoka kwenye nyasi kavu, ukuta na mapazia. Nywele ndefu zifungwe, na kanga au nguo zinazoning’inia zivuliwe. Watoto wakae upande mmoja na mpishi, wasimzunguke. Kopo kubwa la kuzimia liwe karibu na mkono, na ndoo ya maji kando yake.

Nguo ikishika moto, mtoto asikimbie. Asimame, ajilaze chini, abingirike. Ngozi ikiungua, imwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali, mayai na mafuta ya kula visipakwe. Jeraha kubwa kuliko kiganja cha mtoto, au lililoko usoni, mikononi au sehemu za siri, lipelekwe hospitali.

Mahitaji haya si mengi, lakini yanatakiwa yote kwa pamoja. Likikosekana moja, iwe ni ndoo ya maji, kopo la kuzimia au mtu mzima wa kukaa hapo bila kushika simu, siku hiyo familia inywe chai iliyochemshwa jikoni, na jiko la kopo lisubiri siku nyingine.